Winchi ya umeme: Mkombozi wa matopeni, hatari ikiunganishwa ovyo

MVUA inapoanza kunyesha Kericho na Bomet, mkulima wa majani chai hufurahi na kuhuzunika kwa wakati mmoja. Hufurahi kwa sababu mchai hauchipui bila maji. Huhuzunika kwa sababu barabara ya kwake, ile ya udongo mwekundu inayoteremka hadi mtoni na kupanda tena upande wa pili, hugeuka ikawa uji.

Nayo majani chai hayana subira. Yale majani mawili na chipukizi yaliyochumwa asubuhi yanatakiwa kufika kiwandani siku hiyo hiyo. Yakikaa yamebanana garini hupata joto, hubadilika rangi yakawa mekundu, na chai itokayo humo haina bei. Kwa hivyo gari linapokwama matopeni saa kumi na moja jioni, si dereva peke yake aliyekwama. Karo ya watoto imekwama pamoja naye.

Zamani dawa ilikuwa kuita vijana wa kijiji wasukume, au kumtafuta mwenye trekta. Siku hizi, kuanzia Litein na Kapkatet hadi Mogogosiek na Tirgaga, huenda umeona pikapu iliyofungwa winchi ya umeme mbele ya bampa. Hiyo ni mota inayozungusha ngoma yenye kamba ya chuma. Dereva huifunga kamba kwenye mti imara, hubonyeza kitufe, na gari hujivuta lenyewe hadi nchi kavu. Wenye mashua wana chombo cha jamii hiyo hiyo cha kupandisha nanga au kuvuta mashua hadi kwenye trela. Tofauti ni kwamba huku kwetu bahari ni matope.

Bonasi ya majani chai inapolipwa, kwa wakulima wa viwanda vinavyosimamiwa na KTDA kwa kawaida ni mnamo Oktoba, baba na mama huketi kupanga matumizi. Ikiwa familia yenu ina pikapu ya kubeba majani, huenda winchi ikatajwa. Makala haya hayakukatazi kuinunua. Yanakusihi tu, msomaji, ufahamu kwamba kazi kubwa si kuifunga kwa bolti. Kazi kubwa ni zile nyaya mbili zinazokwenda kwenye betri. Nyaya hizo zikiunganishwa vibaya zinaweza kuliteketeza gari hata siku ambayo winchi haikuguswa, likiwa limeegeshwa kando ya nyumba usiku na watoto wamelala.

Volti 12 si mchezo

Watu wengi huidharau betri ya gari. "Ni volti 12 tu," husema, "haiwezi kumpiga mtu shoti." Ni kweli kwamba ukishika ncha zote mbili kwa mikono mikavu kwa kawaida hutasikia kitu. Lakini hatari ya betri haiko hapo.

Fikiria maji. Volti ni kama kimo cha tangi juu ya mlima: tangi likiwa juu, maji hushuka kwa kishindo. Ampea ni wingi wa maji yanayopita. Umeme wa nyumbani, ambao ni volti 240, ni kijito kinachoporomoka kutoka juu sana. Betri ya gari ni kama mto Kipsonoi uliofurika kwenye tambarare: hauporomoki, lakini ukipata njia utabeba kila kitu.

Taa moja kubwa ya gari, ya wati 55, hutumia chini ya ampea 5. Winchi ya kuvuta kilo 4,000 hivi, ile inayoandikwa pauni 9,000, inapovuta mzigo wake wote huweza kuhitaji karibu ampea 400. Zidisha kwa volti 12 na utapata wati 4,800. Ni sawa na kuwasha pasi nne za wati 1,200 kwa wakati mmoja, na umeme wote huo unapita katika waya mmoja chini ya boneti, karibu na mafuta ya gari.

Tena hapo tunazungumzia winchi inayofanya kazi yake sawasawa. Spana ikiangukia ncha zote mbili za betri, au waya uliochubuka ukigusa bodi ya gari, betri nzima inaweza kumwaga zaidi ya ampea 1,000 kwa mara moja. Spana hugeuka nyekundu kama kaa la moto. Mwenye pete kidoleni anaweza kupoteza kidole. Ndiyo maana fundi anayeijua kazi yake huvua pete na saa kabla ya kuigusa betri.

Waya mwembamba ni kiberiti

Kosa la kwanza ni kutumia waya wowote uliopo. Mtu anakuta kipande cha waya kilichobaki wakati nyumba ilipowekwa umeme, anaona ni shaba nzuri, basi anaunganisha.

Waya wa kawaida wa soketi za nyumbani una unene wa milimita mraba 2.5, na umetengenezwa kubeba ampea 20 na kitu. Umeme unapopita katika waya huzaa joto, na joto hilo halipandi polepole: mkondo ukiongezeka mara mbili, joto huongezeka mara nne. Ukipitisha ampea 400 katika waya wa ampea 20, mkondo umeongezeka mara 20, na joto limeongezeka mara 400. Plastiki yake huyeyuka katika sekunde chache.

Winchi ya ukubwa tuliotaja hufungwa kwa kebo nene ya shaba ya takriban milimita mraba 35, sawa na unene wa kidole kidogo ukihesabu na mpira wake. Betri ikiwa mbali na winchi, kwa mfano nyuma ya gari au katikati ya mashua, kebo inatakiwa kuwa nene zaidi, kwa maana kila mita ya waya hula sehemu ya nguvu. Winchi ndogo huhitaji waya mwembamba kuliko huo. Kijitabu kinachokuja na winchi husema ni unene gani. Ikiwa umenunua ya mtumba isiyo na kijitabu, soma kibati kilichopigiliwa kwenye mota, kisha umwone fundi wa umeme wa magari kabla ya kununua hata futi moja ya waya.

Angalia pia volti. Pikapu nyingi hutumia volti 12, lakini malori mengi, yakiwemo ya kubebea majani chai, yana betri mbili zilizounganishwa kutoa volti 24. Winchi ya volti 12 ikiunganishwa na volti 24 itaungua. Kuna mafundi wanaochomoa umeme kutoka betri moja kati ya hizo mbili. Winchi itazunguka, ndiyo, lakini betri moja itachoka huku mwenzake akijazwa kupita kiasi, na baada ya muda utazinunua zote mbili upya. Lori la volti 24 linunuliwe winchi ya volti 24.

Waya wa hasi nao usisahaulike. Umeme unaokwenda lazima urudi, na ukirudi ni ule ule wa ampea 400. Usiridhike na kuufunga kwenye bolti yenye kutu ya bampa kwa kutumaini kwamba bodi ya gari itaufikisha. Uvute moja kwa moja hadi kwenye ncha ya hasi ya betri, na uwe mnene sawa na ule wa chanya.

Mlinzi wa langoni

Sasa tufike kwenye jambo ambalo lingefaa kubandikwa ukutani katika kila gereji ya jua kali: fyuzi.

Wengi hudhani fyuzi imewekwa kulinda mashine. Fyuzi imewekwa hasa kulinda waya. Kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto. Kwa sababu hiyo mahali pake ni kwenye waya wa chanya, karibu na betri kadiri iwezekanavyo, ikiwezekana umbali usiozidi shubiri moja. Ukiiweka mbele karibu na winchi, waya wote ulio kati yake na betri hauna mlinzi. Ni kama kumweka askari jikoni huku lango la boma liko wazi.

Hebu fikiria pikapu isiyo na fyuzi. Waya wa chanya umepitishwa kwenye tundu la bati ili ufike mbele. Gari linaruka mashimoni kila siku, na kila ruko bati linakuna mpira wa waya. Miezi inapita. Siku moja shaba inafika kwenye bati. Winchi imezimwa, ufunguo umetolewa, dereva ameshakunywa mursik yake na kulala. Lakini waya ule haujui habari ya ufunguo. Umeunganishwa na betri usiku na mchana. Umeme wote wa betri unamiminika pale ulipogusa, na boneti inaanza kutoa moshi.

Moto wa namna hiyo huzuiwa na vitu vitatu. Cha kwanza ni mpira wa kuzungushia kila tundu la bati ambamo waya unapita, na ala ya plastiki ngumu juu ya waya wenyewe. Cha pili ni fyuzi, au kile kikata umeme kinachorudishwa kwa kidole baada ya kuruka. Cha tatu ni swichi kuu karibu na betri, ambayo ukiizima waya wa winchi unakufa kabisa. Winchi haihitajiki kila siku. Basi swichi hiyo ikae imezimwa, iwashwe tu matope yanapokushika.

Kuna mafundi watakaobisha. Watasema fyuzi itakatika wakati gari liko katikati ya shimo, na kwamba baadhi ya winchi huuzwa bila fyuzi. Hoja yao si ya kupuuzwa, na ndiyo sababu huwekwi fyuzi yoyote tu. Huwekwa ile inayovumilia mzigo mkubwa kwa muda mfupi, yenye kiwango kinacholingana na winchi na ambacho hakizidi uwezo wa kebo. Mashuani, ambako moto ukizuka hakuna pa kukimbilia ila majini, mafundi waangalifu hawaachi waya wa winchi bila mlinzi. Usiache wako.

Na fyuzi ikikatika, usiweke msumari wala ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Fyuzi iliyokatika imekuletea habari. Tafuta habari hiyo ni ipi kwanza.

Siku ya kufunga

Hata kama kazi itafanywa na fundi, simama karibu uone utaratibu huu:

1. Gari lizimwe, ufunguo utolewe, pete na saa zivuliwe.

2. Ncha ya hasi ya betri ifunguliwe kwanza. Sababu ni kwamba katika magari mengi bodi nzima imeunganishwa na hasi. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi, cheche huruka. Hasi ikishatolewa, spana inaweza kugusa bodi bila madhara.

3. Kebo zipitishwe mbali na ekzosi, mbali na feni na mbali na mipira ya mafuta, na zifungwe zisichezecheze.

4. Miisho ya kebo iwekewe vishikio vya shaba vilivyobanwa kwa mashine yake. Kuzungusha nyuzi kwenye bolti na kufunga kwa utepe si kuunganisha. Kiungo kilicholegea huzaa joto hata kama kebo ni nene.

5. Kile kisanduku cha relei kinachopokea amri ya kitufe cha mkononi kifungwe mahali pasipofikiwa na maji. Kitufe chenyewe hubeba umeme mdogo tu. Relei ndiyo inayofungua na kufunga ule mkubwa.

6. Chanya iunganishwe kwanza, hasi mwisho. Kisha ncha ya chanya ifunikwe kwa kifuniko cha mpira.

7. Winchi ijaribiwe bila mzigo, ikizunguka mbele na nyuma, huku fundi akigusa kebo kwa kiganja. Ikiwa kuna kiungo kinachopata joto wakati hakuna mzigo, kazi haijaisha.

Ukifika matopeni

Alternata ya pikapu nyingi haitoi ampea 400. Tuseme yako inatoa 60. Winchi ikivuta kwa nguvu zote kwa dakika moja hula karibu ampea-saa 7, na katika dakika hiyo alternata imerudisha 1 tu. Zilizobaki zimetoka kwenye betri, na alternata itahitaji dakika sita hivi au zaidi kuzirudisha. Kwa hivyo usizime injini unapovuta. Vuta kwa muda usiozidi dakika moja, pumzika dakika kadhaa, uvute tena. Mota ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika, iache ipoe. Anayeng'ang'ania kitufe kwa hasira ataishia na gari lililokwama na lisilowaka.

Kuna njia ya kuipunguzia betri kazi, nayo ni kapi. Ukipitisha kamba kwenye kapi lililofungwa mtini kisha ukairudisha na kuifunga kwenye gari lako, gari litakwenda polepole, lakini mzigo wa winchi utakaribia nusu. Mzigo ukipungua, ampea hupungua, na joto la waya hupungua zaidi. Kapi moja la chuma linaweza kukuokolea betri na mota kwa miaka mingi.

Funga kwenye mti mnene wenye mizizi, kama mkaratusi uliokomaa, na utumie mkanda mpana usioukata mti. Mchai hauwezi kulivuta lori. Utang'oka, na bado utamlipa mwenye shamba. Acha mizunguko isiyopungua mitano ya kamba ya chuma kwenye ngoma, kwa sababu ule mfungo wa mwisho peke yake haushiki mzigo. Vaa glavu. Tandika gunia zito au blanketi juu ya kamba ili ikikatika isiruke kama mjeledi.

Halafu watoto. Huku kwetu gari likikwama kijiji chote hutoka kutazama, na watoto ndio wa mbele. Kabla ya kubonyeza kitufe, waondoe wote hadi mbali kuliko urefu wa kamba yote. Usimruhusu mtu yeyote kuivuka ikiwa imekazwa.

Betri yenyewe

Mama wa nyumbani asiiache sehemu hii akidhani ni ya madereva. Kabla nguzo za umeme hazijafika, betri ya gari ndiyo iliyowasha runinga katika nyumba nyingi, ikibebwa hadi sokoni kuchajiwa. Hata leo nyumba nyingi zina betri inayolishwa na paneli ya jua. Sheria zake ni zile zile za winchi: fyuzi karibu na betri, waya wa kutosha, viungo vilivyokazwa.

Betri ya maji inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo ikifika sehemu 4 katika 100 za hewa, cheche moja yatosha kuilipua, na betri ikilipuka hurusha asidi usoni. Usichaji betri katika chumba wanamolala watoto, wala karibu na jiko au koroboi. Usichungulie maji yake kwa kiberiti. Asidi ikimwingia mtu machoni, msafishe kwa maji safi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15, kisha umkimbize hospitalini. Usimpake kitu chochote. Ule unga mweupe unaoota kwenye ncha husafishwa kwa maji yenye magadi kidogo, mikono ikiwa na glavu, na macho yakiwa mbali.

Maswali ya kumwuliza fundi

Kabla hujalipa, mwulize fundi wako mambo matano. Winchi hii inahitaji ampea ngapi ikivuta mzigo wote? Kebo hii ni ya milimita mraba ngapi? Fyuzi iko wapi, na ni ya kiwango gani? Waya wa hasi umefika kwenye betri yenyewe au umeishia kwenye bampa? Swichi kuu iko wapi, ili mke wangu na dereva wangu nao waijue?

Fundi mzuri atakujibu huku akikuonyesha kwa kidole. Akikasirika kwa kuulizwa, mshukuru, chukua ufunguo wako, utafute mwingine. Majani ya siku moja yakiharibika, mchai utachipua tena. Gari likiungua kando ya nyumba usiku, huenda lisiungue peke yake.